Kuibakiza herufi peke yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu milinganyo na kutolingana

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, mzazi anayemsaidia mwanawe jioni, na yeyote mwenye kanuni mkononi ambayo haimpi kile anachokitafuta. Mifano mingi ni ya Dodoma na majirani zake. Bei zilizomo ni za kufanyia hesabu tu, usiende nazo kwenye soko la mahindi la Kibaigwa.

"Kutafuta herufi fulani" ni kufanya nini hasa?

Ni kuipanga upya kanuni mpaka herufi unayoitaka ibaki peke yake upande mmoja wa alama ya sawasawa, na isionekane tena upande wa pili.

Tuseme mwenye fuso anayebeba mahindi kutoka Kibaigwa hadi Dodoma mjini anatoza sh. 150,000 kwa safari, na sh. 3,000 kwa kila gunia. Gharama G ya kubeba magunia m ni:

G = 150,000 + 3,000m

Kanuni hiyo inamfaa yeye: ukimtajia magunia, anakutajia pesa. Wewe mwenye pesa unauliza kinyume chake, kwamba sh. 330,000 zitabeba magunia mangapi. Toa 150,000 pande zote mbili, kisha gawa pande zote kwa 3,000:

m = (G − 150,000) / 3,000

Weka 330,000 badala ya G na utapata magunia 60. Kesho pesa zikiwa nyingine, huanzi upya. Unabadilisha G tu.

Mabano hayo yana kazi. Ukiingiza G − 150,000 / 3,000 kwenye kikokotoo bila mabano, kitagawa kwanza na kukupa G − 50. Mashine haijakosea, imefuata MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa).

Tulifundishwa kwamba namba "ikivuka" alama ya sawasawa inabadilika. Mbona nakosa?

Kwa sababu msemo huo ni njia ya mkato inayofanya kazi kwenye kujumlisha na kutoa tu, na hata huko hausemi kwa nini. Kwa maoni yetu ndio unaozaa makosa mengi kuliko jambo lingine lolote katika mada hii.

Tazama 3x = 12. Anayeamini kwamba namba "huvuka na kubadilika" huandika x = 12 − 3, au x = 12/(−3). Katika la kwanza amesahau kwamba 3 inazidisha, haijumlishi. Katika la pili amekumbuka kugawa, lakini akaibadilisha alama ya 3 "kwa kuwa imevuka". Jibu ni 4, na hakuna kilichovuka: pande zote mbili zimegawanywa kwa 3.

Namba haihami. Mlinganyo ni mizani ya sahani mbili iliyotulia. Ukiondoa kilo mbili kushoto, ondoa kilo mbili kulia, la sivyo inainama. Katika x + 7 = 10, ile 7 haikwenda kulia ikawa −7; umetoa 7 pande zote, kushoto ikaisha, kulia ikaonekana kama "−7". Anayeelewa hivyo hapati taabu na −3x = 12. Anauliza x imefanywa nini, anajibu "imezidishwa kwa −3", anagawa pande zote kwa −3, anapata x = −4.

Kwa wiki mbili za mwanzo andika hatua yenyewe pembeni ya kila mstari: "toa 7", "gawa kwa −3". Inachosha, lakini kosa utaliona lilipo.

Nianze kuondoa kipi?

Kwanza jiulize: ningekuwa najua thamani ya herufi hii, ningeifanya nini kwanza, nini pili, nini mwisho? Kisha rudi kinyumenyume. Ni kama kushusha mzigo kwenye lori: gunia lililopakiwa mwisho ndilo linaloshushwa kwanza.

Chukua kanuni ya kubadili joto, F = 9C/5 + 32. Safari ya C ni hii: imezidishwa kwa 9, ikagawanywa kwa 5, ikajumlishwa 32. Kurudi ni kutoa 32, kuzidisha kwa 5, kugawa kwa 9:

C = 5(F − 32)/9

Joto la 95 kwa kipimo cha Farenhaiti linakuwa 5 × 63 / 9 = 35 za Selsiasi. Mchana wa Novemba Dodoma, hakuna la kushangaza.

Si lazima kufuata mpangilio huo. Unaweza kuanza kwa kuzidisha kwa 5, ila hapo lazima *kila* kitu kizidishwe: 5F = 9C + 160. Wengi huandika 5F = 9C + 32, wakiisahau 32 kwa kuwa haina sehemu. Kwa 95 wanapata zaidi kidogo ya nyuzi 49, joto ambalo mkazi wa hapa angelikataa kabla ya kulikagua. Ndiyo faida ya kujaribu kanuni kwa namba unayoijua.

Kanuni yangu ina sehemu. Nifanyeje?

Ondoa asili (namba za chini ya mstari wa sehemu) mapema. Zidisha kila kipande, pande zote, kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili zote zilizopo.

Shamba la mizabibu Hombolo lina umbo la trapeza: pande mbili sambamba a na b, na kimo k kati yake. Eneo ni E = (a + b)k/2. Unaijua b, k na eneo, unaitafuta a.

Zidisha kwa 2: 2E = (a + b)k
Gawa kwa k: 2E/k = a + b
Toa b: a = 2E/k − b

Eneo likiwa mita za mraba 4,200 (zaidi kidogo ya ekari moja), k mita 60 na b mita 80, basi a = 140 − 80 = mita 60. Rudisha uhakiki: (60 + 80) × 60 / 2 = 4,200.

Kosa la hapa ni kutoa b kabla ya kugawa kwa k, yaani kuandika a = (2E − b)/k. Inatoka mita 138.67. Kilichoharibika ni kwamba b ilikuwa ndani ya mabano, na mabano hayo yalikuwa yamezidishwa kwa k. Huwezi kuingia ndani ya nyumba kabla ya kufungua mlango. Ama gawa kwa k kwanza, ama fungua mabano upate ak + bk, kisha utoe bk nzima.

Herufi ninayoitafuta ipo mahali pawili. Nikiipata huku inabaki kule.

Hili ndilo swali ambalo waliofaulu mengine yote hukwama. Dawa yake ina hatua nne na haibadiliki: fungua mabano, kusanya vipande vyote vyenye herufi hiyo upande mmoja, itoe herufi nje ya mabano, kisha gawa kwa kilichobaki ndani ya mabano.

Mfano wa VICOBA. Mkopo M unatozwa riba r kwa mwezi kwa miezi t, na deni lote ni D = M + Mrt. Umeambiwa deni na unatafuta mkopo wa mwanzo. M iko mara mbili, kwa hiyo:

D = M(1 + rt)
M = D/(1 + rt)

Deni la sh. 345,000 baada ya miezi 3 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi ni 345,000/1.15 = 300,000. Anayekimbilia kupunguza asilimia 15 kutoka 345,000 anapata 293,250, na kikundi kitakosa maelewano siku ya kugawana. Riba ilihesabiwa juu ya mkopo, haikuhesabiwa juu ya deni.

Kosa lilelile hutokea kwenye risiti. Bei yenye VAT ya asilimia 18 ni bei halisi mara 1.18. Bidhaa ya sh. 118,000 ilikuwa 100,000 kabla ya kodi, maana 118,000/1.18 = 100,000. Ukipunguza asilimia 18 unapata 96,760, na hesabu zako za mwezi zitapishana na za mhasibu.

Sasa lenye sura ngumu zaidi: y = (x + 3)/(x − 2), tafuta x.

y(x − 2) = x + 3
xy − 2y = x + 3
xy − x = 2y + 3
x(y − 1) = 2y + 3
x = (2y + 3)/(y − 1)

Jaribu x = 7. Kanuni ya kwanza inatoa y = 10/5 = 2; kanuni mpya ikipewa 2 inarudisha 7/1 = 7. Kumbuka kuandika kwamba y haiwezi kuwa 1, kwa sababu ungekuwa unagawa kwa sifuri.

Anayeandika x = (x + 3 + 2y)/y hajakosea hesabu, ila hajajibu. Herufi bado iko pande zote mbili, na msahihishaji hatakupa alama za jibu la mwisho.

Vipi kama herufi ina kipeo cha pili au iko ndani ya kipeuo?

Kwanza kibakize kipande chenye kipeo peke yake, ndipo uchukue kipeuo cha pili cha upande *mzima*. Tangi la duara la maji lina ujazo V = πr²h. Kupata nusu kipenyo:

r² = V/(πh)
r = √(V/(πh))

Tangi la mita za ujazo 3.08 (lita 3,080) lenye kimo cha mita 2, kwa π = 22/7, lina r² = 0.49, basi r = mita 0.7. Kosa ni kuchora kipeuo juu ya V peke yake. Mstari wa kipeuo ufunike sehemu yote, juu na chini.

Hapa tumechukua jibu chanya tu kwa sababu hakuna tangi lenye nusu kipenyo hasi. Swali likiwa tupu, x² = 49, majibu ni mawili: 7 na −7.

Kinyume chake, herufi ikiwa ndani ya kipeuo, kibakize kipeuo peke yake kisha weka kipeo cha pili pande zote. Kwa pendulamu (uzito unaobembea kwenye uzi), T = 2π√(l/g), ukiutafuta urefu l: gawa kwa 2π kwanza, pata T/(2π) = √(l/g), kisha l = gT²/(4π²). Wanaoruka hatua ya kugawa husahau kwamba 2π nayo inapata kipeo na kuwa 4π². Kwa T ya sekunde 2 na g ya 9.8, urefu ni karibu mita 0.99.

Kipeo cha pili kina tabia mbaya moja: huzaa majibu ya uongo. √(x + 6) = x inakuwa x + 6 = x², yenye majibu 3 na −2. Jaribu −2: √4 ni 2, siyo −2. Litupe. Katika maswali ya aina hii uhakiki ni sehemu ya jibu.

Kwenye kutolingana (>, <, ≥, ≤) kuna tofauti gani?

Moja tu. Unapozidisha au kugawa pande zote kwa namba *hasi*, alama inageuka. Mengine yote ni kama mlinganyo.

Sababu yake inaonekana kwenye mstari wa namba. 2 ni ndogo kuliko 5. Zizidishe kwa −1: −2 na −5. Sasa −2 iko kulia, ndiyo kubwa. Kuzidisha kwa hasi ni kuukunja mstari kwenye sifuri, na aliyekuwa mbele anakuwa nyuma.

Nyumba ina simtanki la lita 3,000, inatumia lita 150 kwa siku, na inataka zisipungue 600 kabla maji ya bomba hayajarudi. Siku s ni ngapi?

3,000 − 150s ≥ 600
−150s ≥ −2,400
s ≤ 16

Jaribu 10: zinabaki 1,500, sawa. Jaribu 20: tangi limekauka. Kwa hiyo upande wa alama ni sahihi.

Ukiwa mtu wa kusahau kugeuza alama, usigawe kwa hasi kabisa. Jumlisha 150s pande zote: 3,000 ≥ 600 + 150s, basi 2,400 ≥ 150s, basi 16 ≥ s. Ni jambo lilelile, na sisi tunaipenda zaidi njia hii kwa mtahiniwa aliyechoka.

Wapo pia wanaogeuza pasipohitajika. Katika 4x < −20, uhasi uko kwenye −20, lakini unagawa kwa 4, ambayo ni chanya. Jibu ni x < −5, alama haigeuki.

Jibu limetoka na desimali lakini natafuta magunia. Nikadirie juu au chini?

Alama ndiyo inayoamua. Ile kawaida ya "kuanzia 5 panda" haihusiki. Kwa bajeti ya sh. 400,000 na fuso letu la mwanzo, m ≤ 83.33, kwa hiyo magunia 83. Lakini ukitaka kuhamisha magunia 200 kwa gari linalobeba 60, 60s ≥ 200 inatoa s ≥ 3.33, na safari ni 4.

Naweza kugawa kwa herufi?

Kwenye mlinganyo, ndiyo, ikiwa una hakika kwamba si sifuri. x² = 5x ukiigawa kwa x inakupa 5 na kukunyang'anya jibu la pili, 0. Afadhali x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0.

Kwenye kutolingana, uhakika huo hautoshi. Lazima ujue kama herufi ni chanya au hasi. Ukiulizwa utafute x katika ax > b, jibu kamili ni hili: a ikiwa chanya, x > b/a, ikiwa hasi, x < b/a, ikiwa sifuri, sentensi inakuwa 0 > b, ambayo ni kweli kwa kila x kama b ni hasi, na si kweli kamwe kama b ni sifuri au chanya.

Mtego wake maarufu ni 1/x < 2. Mwanafunzi anazidisha kwa x, anapata x > 1/2, anafunga daftari. Lakini −1 nayo inafaa, maana 1/(−1) ni −1, ndogo kuliko 2. Jibu ni x > 1/2 *au* x < 0.

Kutolingana kwenye alama mbili, kama 1 ≤ (7 − x)/2 < 4?

Fanya jambo lilelile sehemu zote tatu. Zidisha kwa 2: 2 ≤ 7 − x < 8. Toa 7: −5 ≤ −x < 1. Zidisha kwa −1 na ugeuze alama zote mbili: 5 ≥ x > −1. Iandike kuanzia ndogo: −1 < x ≤ 5.

Herufi zote zimeniishia, nimebaki na 0 = 0.

Basi kila thamani inafaa. Ukibaki na 0 = 5, hakuna inayofaa. Yote mawili ni majibu halali, usifute.

Mtoto alifanya vizuri darasa la saba, kidato cha kwanza amepotea. Kwa nini?

Mara nyingi tatizo ni lugha. Shule ya msingi aliandika mzingo = 2 × (urefu + upana), kwa maneno, na kwa bahati mbaya urefu na upana huanza kwa herufi moja. Sekondari anakutana na P = 2(l + w), ambapo herufi zinatokana na maneno ya Kiingereza asiyoyazoea. Mwambie aandike juu ya karatasi, kabla ya kuanza: P ni mzingo, l ni urefu, w ni upana. Kisha w = P/2 − l. Kiwanja chenye mzingo wa mita 260 na urefu wa 80 kina upana wa 130 − 80 = mita 50. Akipata 90, ametoa kabla ya kugawa: (260 − 80)/2.

Angalia na mwandiko. l inafanana na 1, s na 5, na x na alama ya kuzidisha. Makosa mengine ni ya kalamu tu.

Neno aljebra limetoka wapi?

Kwenye Kiarabu, al-jabr, kurudisha kilichovunjika au kilichopungua mahali pake. Lilitumiwa na al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, kwa maana ya kuongeza pande zote kile kilichotolewa upande mmoja. Neno letu *jabari* lina mzizi huohuo. Alama ya = ilichapishwa na Robert Recorde mwaka 1557; > na < za Thomas Harriot zilichapishwa mwaka 1631.

Nitahakikije kanuni yenye herufi tupu?

Zipe herufi thamani ndogo zinazotofautiana, kama 3, 5 na 7. Kokotoa kwa kanuni ya zamani, kisha iulize kanuni mpya kama inakurudishia ile uliyoanza nayo. Epuka 0 na 1, maana huficha makosa ya kuzidisha. Epuka na 2: 2 + 2, 2 × 2 na 2² zote ni 4, hivyo kanuni mbovu inaweza kupita.

Toeni maswali ya kujipima.

Tafuta t: v = u + at.
Tafuta l: S = n(a + l)/2.
Tafuta x: 5 − 2x < 11.
Tafuta v: 1/f = 1/u + 1/v.

Majibu kwa mpangilio huo: t = (v − u)/a; l = 2S/n − a; x > −3; v = uf/(u − f). La mwisho ndilo linaloangusha wengi, kwa kupindua kila sehemu peke yake na kuandika f = u + v. Jaribu u = 30 na f = 10: v ni 300/20 = 15, na 1/30 + 1/15 ni 3/30, yaani 1/10. Kwa njia ya kupindua ungepata v = −20.